Hendeli ya Arvelle

Omer Baeke alimvunja mkewe Marcella mbavu mbili mwaka 1969, na taya mwaka 1971. Kila baada ya kipigo aliamka kabla ya jua, akachemsha kahawa ya watu wawili, akaketi mezani kumsubiri, macho mekundu, utadhani aliyepigwa ni yeye.

Marcella alikuwa fundi bati, binti wa fundi bati, na bamba la chuma lililokunjamana kama karatasi alilinyoosha mpaka mwenye gari asijue lilipata ajali wapi. Taya lake halikunyooka hivyo. Liliunga upande, na tangu hapo akawa anatafunia kushoto.

Lakini Omer huyohuyo ndiye aliyeipata Arvelle. Aliikuta nje kidogo ya Brakel, katika banda la kiwanda cha bia kilichofungwa, chini ya magunia na mavi ya njiwa: gari la safari la mwaka 1912, la wazi, la watu saba, lililoundwa Antwerp enzi ambazo matajiri waliona haya kupanda treni na watu. Injini ilikuwa imeganda. Panya walikuwa wamezaliana ndani ya viti vizazi kwa vizazi. Omer aliipata kwa kubadilishana na pikipiki mbili, akaivuta kwa trekta hadi gereji ya kina Verstichel, ukoo wa Marcella, na kwa miaka miwili hakufanya kazi nyingine ya maana. Tangu Oudenaarde hadi Ronse hapakuwa na mkono wa injini kama wake. Pistoni zilizoliwa na kutu alizichonga upya mwenyewe. Aliweza kuweka kidole juu ya chuma akakwambia kimezidi unene wa unywele.

Januari 1974 injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, kisha ikanguruma. Jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Marcella akamjibu huku anacheka, "Tumeiwasha!"

Jirani alipoondoka, Omer alifunga mlango.

"Tumeiwasha? Wewe na nani?"

Alimshika kisogo akamzamisha uso kwenye ndoo ya oili chafu, akamtoa, akamzamisha tena. Marcella alishaanza kuona giza mdogo wake Odiel alipoingia. Odiel alikuwa seremala, mtu mpole, mwembamba kama ufito. Alimpiga shemeji yake begani kwa nyundo ya mbao, akamburuta kwa kola hadi barabarani, akamtupia mfuko wake wa spana. Yaliyobaki yalimalizwa na mawakili.

Arvelle ilibaki gereji. Kwa miaka tisa dada na kaka waliijenga jioni na siku za Jumapili. Odiel alichonga mbavu za bodi na vijiti vya magurudumu kwa mbao ngumu za mti uitwao ash. Marcella akafua mabamba, madigadi manne, boneti ndefu kama jeneza la jitu. Viti vikavishwa ngozi ya rangi ya divai. Taa za shaba zikang'arishwa hadi mtu angeweza kunyolea ndevu. Injini hawakuigusa, zaidi ya kubadilisha oili. Haikuhitaji kuguswa.

Masika ya mwaka 1983 dalali wa magari ya kale kutoka Ghent, Bwana Tytgat, alikuja, akaizunguka Arvelle mara tatu, kisha akaomba kiti. Duniani, alisema, zimebaki nne. Akatuma barua kwa wakusanyaji: Jumamosi ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, uani kwa kina Verstichel, gari litaonyeshwa na kuwashwa. Akachongesha pia kibao kidogo cha shaba, kikafungwa mbele ya usukani: *Imefufuliwa na Marcella na Odiel Verstichel, 1974–1983.*

Odiel alikisoma, akajikuna shingo.

"Dada, na Omer je?"

"Omer gani?"

Odiel akarudi kwenye randa yake.

*

Walikuja watu kama ishirini, makoti mazuri, viatu visivyojua tope. Marcella alikuwa amepanga mezani kahawa na vitumbua vya maziwa mgando vya Geraardsbergen. Asubuhi na mapema alikuwa ameiwasha Arvelle pamoja na Odiel ili ipate joto, akaizima, akahakikisha kila kitu kiko mahali pake. Katikati ya usukani kulikuwa na vijiti viwili vya shaba. Kimoja kilikuwa cha cheche. Ukikirudisha nyuma, cheche inachelewa, na gari linawaka kwa adabu. Ukikisukuma mbele, cheche inawahi, na yule anayezungusha hendeli, ule mpini wa chuma wa kuwashia injini kwa mkono pale mbele ya radieta, anapigwa nayo. Kila fundi wa magari yale alimjua mtu aliyevunjwa mkono namna hiyo. Marcella alikirudisha nyuma kabisa.

Wageni wakaanza kupapasa. Wakainama, wakanusa ngozi, wakabisha juu ya kabureta. Daktari mmoja wa meno kutoka Kortrijk aliomba mkewe akae kwenye usukani ampige picha. "Vua kofia, mpenzi! Hapo, hapo! Shika kama unaendesha!" Watu wakacheka.

Marcella alikuwa anammiminia mtu kahawa alipoinua macho akamwona Omer.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, amevaa kofia ya kijivu, amezeeka. Mwili ulikuwa umeegemea ndani ya gari na mkono wa kulia umefika hadi kwenye usukani, unafanya kitu. Kisha akautoa, akauingiza mfukoni, akarudi kusimama karibu na ukuta.

Kikombe kikamfurikia mgeni. Marcella hakuhisi. Miaka tisa, na ilikuwa kama jana. Alitaka kumwita Odiel, lakini tayari Tytgat alikuwa amepiga makofi.

"Mabibi na mabwana, sasa tuisikie sauti yake!"

Siku zote Marcella ndiye aliyekaa kwenye usukani Odiel akizungusha. Siku hiyo dalali alitaka asimame kando, karibu na wageni, ajibu maswali. "Odiel, peke yako," alisema Tytgat. "Inapendeza zaidi."

Odiel alipangusa viganja kwenye suruali, akatabasamu kwa aibu, akainama, akaichomeka hendeli. Marcella akafungua mdomo.

"Odiel, ngo—"

Lakini Odiel alishaivuta hendeli juu.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mfupi, kama bunduki chini ya mto wa kulalia. Hendeli iligeuka kinyume ikampiga Odiel kwenye mkono, ikamrusha, ikachomoka yenyewe na kuanguka juu ya mawe ya uani ikilia kama kengele. Kwa nukta moja hapakuwa na sauti nyingine. Kisha Odiel akautazama mkono wake. Kati ya kiwiko na kifundo ulikuwa umepata kona mpya, na katika kona hiyo mfupa mweupe ulikuwa umetoboa shati. Akapiga ukelele ambao Marcella hakuwahi kuusikia tangu walipokuwa wadogo.

Watu wakamkimbilia Odiel. Marcella akamwendea Omer.

"Umeweka mkono ndani ya gari."

"Na nisiweke?" Omer alikuwa amekunja uso, lakini mdomo wake ulikuwa na kile kicheko cha upande. "Injini hiyo mimi ndiye mama yake."

"Umesukuma cheche."

"Mimi? Mwambie mdogo wako ajifunze kuwasha gari. Seremala ashike mbao zake."

Marcella akamnasa kofi. Kofia ikaruka. Alikuwa hajawahi kumpiga, hata mara moja, katika miaka yote ile, na wote wawili walishangaa sawasawa. Halafu Omer akarudisha, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake: ngumi ya kushoto, palepale kwenye lile taya. Marcella alisikia jino likikatika. Akapepesuka hadi kwenye gari, akagonga radieta kwa mgongo, akaanguka chini.

"Shika adabu, Marcella," Omer akasema.

Maneno yaleyale. Aliyatamka sebuleni, jikoni, kwenye ngazi, juu ya ndoo ya oili. Mkono wa Marcella ulikuwa umeangukia juu ya chuma baridi. Ilikuwa hendeli.

Aliizungusha kutoka palepale chini alipokuwa, kwa mikono miwili, akampata gotini. Goti lilitoa mlio wa ganda la yai. Omer akaanguka akijishika kwenye taa ya kushoto, taa ikang'oka naye, kioo kikatawanyika. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alimdaka Marcella kwa nywele, akamvuta, akampanda juu, akamkaba koo na vidole vyake vigumu vya fundi. Damu ya paji lake ikamdondokea Marcella machoni. Mbingu ikaanza kuwa nyekundu, kisha nyeusi pembeni. Akamtia ncha ya hendeli ubavuni. Akamtia tena. Ya tatu ikamfanya Omer aachie, na Marcella akamsukuma, akainuka kwa magoti, akisikia pumzi yake mwenyewe ikikoroma kama ya nguruwe.

Omer alikuwa amelala chali. Aliinua mkono wa kulia, kiganja wazi.

"Basi," alisema. "Basi, Marcella. Basi."

Ugomvi ungeweza kuishia hapo. Baadaye, mbele ya hakimu, hilo ndilo alilolisema Marcella mwenyewe kabla hajaulizwa. Aliukanyaga ule mkono, ukalala juu ya jiwe, akaupiga. Akaupiga tena. Wageni walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Mtu mmoja alikuwa anasema "Bibi, tafadhali, bibi," kama anayeomba sukari. Daktari wa meno alimshika kiunoni, akapigwa kiwiko cha pua akaachia. Marcella akapiga. Kilichokuwa chini ya hendeli kilikuwa hakifanani tena na mkono, na ndani ya Marcella kulikuwa na raha, nyeupe, kubwa, kama kupiga bati jipya. Hakutaka iishe.

"Dada!" Odiel alikuwa amekaa kwenye tope, amepakata mkono wake kama mtoto mchanga. "Dada, mkono wangu. Njoo. Unauma, njoo."

Akaiacha hendeli ikaanguka. Akaenda.

*

Polisi walimsikiliza Marcella kwa heshima. Sajini aliwajua wote watatu. Mwaka 1971 yeye ndiye aliyemshauri Marcella arudi nyumbani, mambo ya wanandoa yasuluhishwe na wanandoa. Sasa aliandika kila kitu bila kumtazama usoni. Hendeli imefyatuka kwa sababu cheche ilisukumwa. Aliyeonekana mkono wake kwenye usukani ni Baeke. Baeke ana kisa na familia hii. Kijiji kizima kikasema amevuna alichopanda, na mwenye duka la nyama akampelekea Marcella soseji za bure.

Siku ya nane daktari wa meno alifika kituoni, pua imefungwa plasta, ana bahasha. Alikuwa amesafisha filamu yake. Katika picha ya tatu mkewe alikuwa amekaa kwenye usukani, anacheka, kofia iko magotini, na kidole gumba kimekisukuma kijiti cha cheche hadi mwisho.

"Nilikisukuma," mwanamke alikiri huku analia. "Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kinateleza."

Picha ilipigwa kabla Omer hajalikaribia gari. Nyuma ya bega la mwanamke alionekana mbali, langoni, ndiyo kwanza anaingia.

Sajini alimletea Marcella habari hiyo gerejini. Marcella alikuwa na bamba mkononi. Aliliweka chini polepole, akauliza maswali mawili, akavua aproni, akapanda basi.

Hospitali walikuwa wamemkata Omer vidole viwili. Vitatu vilivyobaki vilishikiliwa na vyuma, vimevimba, rangi ya zambarau. Mguu ulikuwa umening'inizwa. Alimwona Marcella mlangoni, na mwili wake wote ukajivuta kwenye ukuta.

"Sina kitu mkononi," Marcella akasema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Hukuwa wewe."

"Najua sikuwa mimi." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye homa. "Nilikuwa pale, nakumbuka."

Marcella alibaki amesimama. Kulikuwa na kiti, hakukikalia.

"Ulikuwa unafanya nini ndani ya gari?"

Omer aligeukia dirishani. "Nilikuwa nasoma kile kibao. Sikuona vizuri, miwani niliisahau. Nikakipangusa kwa kidole, nikadhani labda kuna mstari mwingine chini."

Hapakuwa na mstari mwingine, na wote wawili walijua.

"Ungeuliza," Marcella akasema.

"Ningekuuliza wewe? Ungenijibu?"

"Hapana."

"Haya." Kisha, kwa sauti ya chini: "Sitaweza tena kushika hata spana ya nane, Marcella. Wameniambia. Mkono huu ndio uliokuwa mimi."

Yalimfika kwenye ncha ya ulimi: na taya langu je, na mbavu zangu, na oili ile puani? Aliyasema yote, moja baada ya jingine, na mwaka wake, bila kupaza sauti. Omer alisikiliza hadi mwisho. Hakukana hata moja. Alisema tu, "Hayo ni kweli. Lakini hukunipigia hayo. Ulinipigia kitu ambacho sikukifanya."

"Sijui nilikupigia nini," Marcella akasema, akatoka.

Mahakamani Oudenaarde wakili wake alimwandalia maneno: hofu, miaka ya mateso, kukabwa koo. Yote yalikuwa ya kweli, na hakimu alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha Marcella akaomba kusimama.

"Goti nilimpiga nijiokoe," alisema. "Na ubavu pia. Mkono sikuwa najiokoa. Alishasema basi. Nilimsikia."

Wakili akafunga faili. Marcella akahukumiwa miezi kumi, sita kati yake ikaahirishwa, minne akaitumikia katika gereza la Ghent. Huko aliwekwa kwenye chumba cha kufulia, akatengeneza mashine mbili zilizokuwa zimeachwa kama zimekufa, na wafungwa wakamwita Fundi. Usiku hakuota damu. Hilo lilimtisha kuliko kama angeiota.

Arvelle iliuzwa Septemba, Marcella akiwa ndani. Tytgat alikuja kumweleza siku ya kuonana na ndugu, akisugua mikono. Tangu magazeti yaandike, simu haikupumzika. Mholanzi mmoja wa The Hague aliichukua, akaulizia kama hendeli ni ileile, akaomba isisafishwe.

"Ukamwambia nini?" Marcella akauliza.

"Nikamwambia polisi bado wanayo. Lakini nadhani naweza kui—"

"Toka, Bwana Tytgat."

"Marcella, mteja ni—"

"Nimekwambia toka."

Alipotoka gerezani, Odiel alimpokea langoni kwa gari la mkate. Mkono wake ulikuwa umeunga, mfupi kidogo, na asubuhi za baridi hakuweza kushika randa. Hakumlaumu mtu. Njiani alimwambia kwamba sehemu ya fedha za Arvelle, theluthi moja, ameipeleka kwa dada yake Omer kule Ronse, na kwamba kama Marcella anataka kugomba, agombe sasa kabla hawajafika nyumbani.

"Wamezipokea?"

"Mara ya kwanza walizirudisha. Ya pili wakazipokea."

Marcella aliangalia mashamba ya kitani yaliyovunwa yakipita. Hakugomba.

Alimwona Omer mara moja tu baada ya hapo, mwaka uliofuata, Ijumaa ya gulio mjini Ronse. Alikuwa mbele ya kibanda cha viatu, anajaribu kufunga kamba kwa mkono wa kushoto, ule mwingine umo ndani ya glavu nyeusi. Muuza viatu aliinama akamsaidia. Omer aliinua kichwa kumshukuru, na hapo akamwona Marcella, hatua kumi mbele yake, na kikapu cha mboga.

Uso ulimpauka. Aliteremka kwenye ukingo wa barabara, kiatu kimoja hakijafungwa, akavuka katikati ya magari, akichechemea, bila kutazama kushoto wala kulia. Dereva mmoja akampigia honi na kumtukana. Omer hakugeuka. Alikuwa anamkimbia yeye.

Marcella aliijua ile namna ya kutembea, mabega yamepanda hadi masikioni. Ilikuwa yake mwenyewe, miaka yote ile. Ikamjia ile raha nyeupe, ghafla, hadi kwenye vidole, ikamjaza. Alisimama nayo katikati ya gulio, watu wakimpita huku na huku. Ilipopungua, alijikuta amekishika kikapu kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kukizungusha, na mwenye kibanda cha viatu anamtazama.

"Mama, vipi, unaumwa?"

"Hapana," akasema, akatafuta swali lolote la kuuliza. "Huyo bwana ameacha glavu yake?"

"Hapana, mama. Ameondoka nayo."

Akaitikia kwa kichwa, akanunua jozi ya kamba za viatu ambazo hakuzihitaji, akaenda kusubiri basi.